Miiba Niliyozungushia Pipa

Jumatatu, 5 Agosti
Pole, daftari. Tangu mtoto aanze kuota meno sijakushika. Mchana shamba la ujamaa, jioni kisimani, na baba yake yuko Kanyenye, Tabora mjini, na cherehani yake. Leo kamati ya shule imenipa kulinda pipa la kuzimia moto. Nilikataa. Mwenyekiti akasema, “Wewe mama wa mjini, umesoma, na sauti unayo. Watakuogopa.” Wakacheka. Nikakubali. Paa zote ni nyasi na gari la zimamoto liko Tabora. Hadi lifike huku Goweko, majivu yameshapoa. Pipa lazima lijae. Basi.

Ijumaa, 9 Agosti
Pipa nusu tena. Wanachota. Leo nimemkamata Mama Shija, jirani yangu, ndoo kichwani. Akasema Shija ana homa na kisimani foleni ndefu. Nikamteremsha ndoo, nikarudisha maji pipani mbele ya watoto waliopanga mstari. Nikamwita mwizi wa mali ya umma. Akachukua ndoo tupu akaenda.
Kazi ni kazi.

Jumamosi, 10 Agosti
Nimekata miiba, nimezungushia pipa kama zizi. Safu mbili. Mwalimu mkuu kanisifu: “Hapo hata fisi anarudi.” Kisimani wananiita askari wa pipa. Waite.

Jumatano, 14 Agosti
Shule imeungua.
Wanakijiji walikuwa wanachoma nyasi juu ya kitalu cha tumbaku karibu na shule, upepo ukageuka. Watoto wametoka wote, Mungu mkubwa. Paa la darasa la pili likawaka. Tukakimbilia pipa na ndoo zetu. Miiba. Sikuacha hata mlango. Watu wanazunguka, “Panga! Panga liko wapi?” Panga liko kwangu, chini ya kitanda.
Mama Shija akaja mbio. Hakuuliza. Akaingiza mikono akavuta. Cheche zikadondoka kwenye miiba mikavu, ikashika. Akaendelea kuvuta. Mimi nimesimama, mtoto mgongoni analia. Akanigeukia: “Chota, mama! Unatazama nini?”
Nikachota. Darasa moja limekwenda, mawili yamepona.
Viganja vyake sitaki kuviandika.

Alhamisi, 15 Agosti
Kikao. Mwenyekiti kasimama kunisifu. Bila mimi pipa lingekuwa tupu, tungepoteza shule nzima. Wakapiga makofi. Nikanyamaza. Nilinyamaza! Mama Shija hakuwepo, yuko zahanati, na dawa ya kuungua imekwisha.
Najionea aibu hata kumnyonyesha mtoto.

Ijumaa, 16 Agosti
Nimekwenda shuleni asubuhi, mstarini. Nimewaambia watoto walewale: Mama Shija si mwizi, mimi ndiye niliyekosa. Sauti ilinitoka ndogo. Kamwana kamoja kakauliza, “Miiba itarudi?” Nikasema haitarudi. Kwa mwenyekiti nako nimekwenda, anifutie zile sifa. Tumekubaliana: mfuniko tu, kila nyumba na zamu yake ya kujaza, mwenye mgonjwa achote kisha arudishe. Ndoo zikae hapohapo. Hilo tungeliwaza mwanzoni. Ningeliwaza mimi.

Jumapili, 18 Agosti
Amerudishwa nyumbani. Mikono imefungwa vitambaa vya kanga. Nimebisha, nikasalimia, “Mwangaluka.” Kaitikia. Nikapika uji, nikamwogesha Shija, homa imeshuka. Nikaanza kuomba radhi. Akanikatiza: “Kwanza nikune mgongo, mwenzangu, hapa katikati. Tutagombana mikono ikipona.”
Nikamkuna. Nikalia nyuma yake, asione. Nadhani aliona.
Kesho namwagiza baba mtoto kupitia mtu wa treni. Bado nahitaji: dawa ya kuungua, chupa kubwa. Bandeji pana. Shuka moja jipya, jepesi, lisimkwaruze. Sabuni. Sukari ya uji wake. Na kijiko kirefu, maana nitamlisha mimi.