Chupa Moja ya Melini na Mafua ya Mama Mkwe

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Nina jambo linanizunguka kichwani na nakuomba unisaidie, ila tafadhali usicheke kabla hujafika mwisho, maana mwanzoni utadhani nimekuandikia habari za ulevi na mimi si mlevi, mimi ni mchanganyaji wa rangi kwenye duka la rangi za nyumba, yule mtu anayekaa nyuma ya kaunta na mashine, mteja analeta kipande cha kitambaa au ganda la yai anasema nataka ukuta wangu uwe hivi, na mimi natafuta mpaka unakuwa hivyo. Kazi yangu naipenda, na nadhani ndiyo iliyoniponza.

Ni hivi. Watoto wa mama mkwe wangu, yaani mke wangu, kaka yake mkubwa na mdogo wao wa kike, wameamua kumpeleka mama yao kwenye safari ya meli, zile meli kubwa za matembezi ambazo mtu unalala humo, unakula humo, asubuhi unaamka uko mji mwingine. Baba yao alifariki mwaka juzi na tangu hapo mama amekuwa wa kukaa ndani tu, kwa hiyo wakaona atolewe kidogo apate hewa, na mimi mkwe nikaambiwa nimo. Sasa meli hiyo ina sheria yake: juisi, soda, kahawa na barafu ni bure, chukua uwezavyo, lakini pombe kali kila familia inaruhusiwa kupanda na chupa moja tu, na iwe haijafunguliwa. Chupa moja, Shangazi, na sisi tuko watano, kila mmoja na mdomo wake. Shemeji mkubwa hanywi kitu bila ile soda chungu, shemeji mdogo ni juisi ya nanasi asubuhi mpaka jioni, mke wangu ni soda ya tangawizi, mimi napenda yangu na ndimu na maji baridi, na mama ni mtu wa kahawa, pombe kwake ni ya kuonja tu. Wakakaa kikao, wakasema kazi ya kutafuta chupa itakayokubaliana na vyote hivyo apewe mchanganya rangi, wakacheka sana, na tulipofika nyumbani mke wangu akaniambia, "Chagua yoyote unayotaka, ila ramu isikanyage humo." Nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Kwa sababu ya mama," akaenda kuoga.

Sababu naijua, ingawa mimi nimeoa juzijuzi tu. Marehemu mzee alikuwa fundi wa majokofu, na kila Jumamosi akishafunga karakana alikuwa anakaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma na glasi yake ya ramu, anakunywa taratibu, na funda la kwanza lazima ampe mama. Hata siku niliyokwenda kujitambulisha nilimkuta hapo. Tangu alipofariki ramu haijaingia tena kwenye ile familia, na si ramu tu, hata yeye mwenyewe hatajwi mama akiwepo, wakiwa wanasimulia kitu wakafika mahali alipokuwepo baba wanaruka, wanaendelea mbele kama hakuna kilichotokea.

Basi nikaanza utafiti wangu. Kwenye rangi, Shangazi, ukitaka besi, yaani rangi ya kuanzia, inayopokea kila kitu unachukua nyeupe, ile isiyo na neno lake, ukitia bluu inakuwa bluu, ukitia njano inakuwa njano. Nikasema pombe ya namna hiyo ni vodka, haina rangi, haina harufu ya maana, haina ubishi. Nikanunua chupa ndogo ya vodka, ya jin na ya wiski, nikachukua vikopo vipya vya sampuli dukani pamoja na vile vijiti vya kukorogea, nikajifungia jikoni mchana wa Jumamosi, na Shangazi, nilifurahi kama mtoto. Wiski na kahawa ni marafiki, wiski na nanasi ni ugomvi. Jin na soda chungu nikasema hapa kuna jambo, jin na kahawa nikatema kwenye sinki. Vodka ikakubali vyote, haikugombana na hata kimoja. Jirani aliyekuja kuazima ngazi akakuta vikopo vimepangwa dirishani na mimi nanusa kimoja kimoja nimefumba macho, na hadi leo akinisalimia ananisalimia kwa huruma.

Jumapili yake nikaita familia yote kwetu waonje. Nikawawekea chupa zote tatu mezani ila nikawamiminia vodka, nikijua nimepatia. Shemeji mkubwa akalalamika, "Shemeji, humu umetia kweli au umenionyesha chupa tu?" Nikamwongezea. Shemeji mdogo akanywa nanasi yake kama nanasi, mara yuko katikati ya sebule anacheza peke yake na redio imezimwa. Mama akasema nitilie kidogo kwenye nanasi nami nionje, nikamtilia, glasi ikipungua najaza, maana hakulalamika. Halafu akaziangalia zile chupa moja moja, akauliza bila hasira, kama mtu anayetafuta miwani yake, "Mbona ya mzee haipo?"

Shemeji mkubwa akapokea simu ambayo haikulia. Mke wangu akaanza kufuta meza iliyokuwa safi. Shemeji mdogo akakaa. Mimi nikajifanya hamnazo, nikakusanya glasi nikaenda zangu jikoni, na mama akanifuata, akasimama karibu na jokofu, akamwaga mtama wote.

"Mkwe," akaniambia, "wewe ni wa kuja, labda utanielewa. Hawa wanangu wanadhani nikisikia neno ramu nitaanguka. Nimeishi na mtu yule mpaka nimezeeka, leo siwezi hata kusema alikuwa anapenda nini, nikianza tu wanabadilisha mazungumzo. Sasa wanataka tukakae melini tunatazamana kama wagonjwa wanaosubiri daktari. Mimi sipandi. Asubuhi ya safari nitaamka na mafua. Na usiwaambie."

Akasuuza glasi yake, akarudi sebuleni, akawaambia juisi ilikuwa nzuri.

Kesho yake nikampigia simu, nikazungukazunguka weee, mwisho nikauliza, "Mama, na mafua je?" Akanijibu, "Mafua gani, mwanangu?" akaniuliza habari za kazi. Sasa mimi sijui nishike lipi, Shangazi, ni pombe iliyosema au ni yeye? Nikibeba vodka na ikawa ni kweli, mama haendi, na safari nzima ni ya kwake. Nikibeba ramu, mke wangu ataona nimedharau neno lake, na akinibana nieleze, siri ya mama imetoka. Safari imekaribia, kila siku wananiuliza mtaalamu umefikia wapi, na mimi nasema bado nachanganya. Na swali langu la kwanza nalo bado liko palepale, nataka kulijua kwa kweli: kama chupa ni moja tu, ni ipi inayokwenda na kila kitu?

Ni mimi,
Mkwe Mchanganya Rangi

*

Mkwe Mchanganya Rangi,

Marahaba. Nimecheka kabla sijafika mwisho, unisamehe, ni yule jirani wa ngazi. Ila nilipofika jikoni na mama nikaacha kucheka.

Kwanza nikugombeze, tulimalize. Mama mtu mzima amekwambia umtilie kidogo, wewe unajaza kila ikipungua, kwa sababu mkono wako umezoea ndoo. Usirudie. Kinywaji kisichosikika mdomoni ndicho mtu asichojua amekunywa kiasi gani, na ushahidi unao, shemeji yako alicheza bila muziki. Ukuta unaupaka, hauonji. Watu wanaonja. Hiyo vodka yako pamoja na adabu zake zote, mimi simo.

Sasa chupa, maana umeliuliza kwa moyo na mimi likaniwasha. Siku hizi mimi ni mtu wa chai, kwa hiyo nikavuka barabara nikamuuliza dada anayechanganya vinywaji kwenye baa inayotazamana na ofisi yetu ya gazeti. Nikamtajia soda chungu, nanasi, tangawizi, ndimu na kahawa. Hakuacha hata kukata ndimu zake. "Ramu," akasema.

Nikamwambia, mbona haraka hivyo, mwenzio ameshinda jikoni na vikopo. Akacheka. "Shangazi, nanasi na ramu sijawahi kuona zikigombana. Tangawizi ndiyo usiseme. Ndimu na maji baridi, sawa kabisa. Kwenye kahawa mtilie kijiko na sukari, atakuuliza umeweka nini humu. Huyo wa soda chungu ndiye atakayenuna, mwambie ajaribu na tangawizi ya wenzake, atazoea." Nikamuuliza nyeupe au nyeusi. Akasema nyeupe ni nyepesi kuchanganya, ila kwa watu wa kahawa na tangawizi angebeba nyeusi, maana inasikika, na mtu akiisikia anajua wakati wa kuacha.

Kwa hiyo umejaribu chupa tatu, ukaacha moja, ileile uliyokatazwa, na jibu lilikuwa humo. Usijilaumu sana kwa hilo. Ulikuwa unatafuta kitu kisichomgusa mtu, kama wanavyofanya hao watoto wa marehemu mezani kwao, na mmeona wote kilichotokea.

Tuje kwa mama. Unauliza ni pombe iliyosema au ni yeye. Vodka haimjui baba mkwe wako, mwanangu. Mama ndiye anayemjua. Pombe ilimlegeza ulimi, basi, maneno alikuwa nayo siku nyingi. Na hilo la "mafua gani" umeliamini kweli? Huyo anakumbuka kila neno, na anakuangalia uone utafanya nini.

Mkeo naye usimwone mkorofi. Unaandika kana kwamba aliyefiwa ni mama peke yake. Yeye amefiwa na baba, na anamkinga mama yake kwa njia aliyoiona, na nahisi anajikinga na yeye mwenyewe humohumo. Soma barua yako tena uone kati ya soda zote anakunywa ipi. Halafu nijibu hili: mzee alikuwa anaichanganya ramu yake na nini? Umenitajia ngazi, umenitajia funda la kwanza, hilo hukunitajia, kwa sababu hulijui. Mimi nina wazo langu na ningependa sana kujua kama nimepatia, lakini mwenye jibu si mimi.

Basi fanya hivi. Siri ya mafua ni ya mama: mimi barua yako siichapishi gazetini, na wewe isitoke mdomoni mwako, hata kwa mkeo mkiwa wawili. Lakini swali ni lako, na hakuna aliyekukataza kuuliza. Jumamosi hii mchana nenda kwa mama na mkeo, ninyi wawili tu, mashemeji waacheni kwao. Usibebe chupa, usibebe vikopo. Mkishakunywa kahawa yake, mgeukie umuulize, mkeo akisikia: "Mama, mzee alikuwa anaichanganya na nini?" Kisha funga mdomo. Najua kufunga mdomo kutakuwa kazi, barua yako nimeiona. Mkeo atakukata jicho, vumilia. Akikukanyaga chini ya meza, acha mguu hapohapo. Mama akilia msikimbilie kumbembeleza, na mkeo akilia naye, mpe leso ukae kimya. Mama akicheka, chekeni. Akisimulia mpaka giza liingie, kaeni mpaka giza liingie, na asiwepo wa kuruka mahali popote.

Njiani mkeo atakugombeza kwamba alikwambia. Usibishane naye. Mwambie yaliyo yako: umejaribu kila kitu jikoni, ukauliza hadi kwenye gazeti, na umeona ramu ndiyo inayowafaa wote watano, ukataka kujua mzee mwenyewe aliifanyaje. Hapo hujasema uongo na hujatoa siri ya mtu. Halafu muulize na yeye, tangawizi yake alianza kuipenda wapi. Taratibu, si kama polisi.

Na chupa usiinunue wewe. Mpeleke mama dukani aichague, yeye anajua mzee alikuwa anachukua ipi. Melini kifuniko chake ndicho kiwe kipimo, kila mtu aone anatiliwa nini, na funda la kwanza mnajua ni la nani. Vikopo rudisha kazini kabla bosi wako hajaniandikia naye.

Jambo la mwisho, na hili usilisahau. Siku ya safari chupa hiyo isikae kwenye sanduku lako wala la shemeji. Ikae kwenye mkoba wa mama, tangu jana yake, na familia nzima ijue iko kwake. Aliyebebeshwa chupa pekee ya watu watano haamki na mafua.

Shangazi