Swali la Daktari kwa Mama

Kibokoni, Mombasa
9 Februari 2025

Mpendwa Khalati Afaf,

Sijamwambia mtu haya: namwonea wivu Manar, mke wa Kaka Idarus, hata nikisikia sauti yake mlangoni roho huniuma. Nisamehe nimeanza hivi kabla ya salamu. Assalaam alaykum. Waonaje hali, na mkono wako unainuka sasa? Sisi huku wazima, ila Mama.

Hedhi yake imekoma tangu mwaka jana, na joto humpanda ghafla. Majuzi dukani Biashara Street alikuwa akimkunjulia mteja leso, akaiacha juu ya meza akaenda kusimama mbele ya feni, jasho likimtiririka. Usiku halali. Hukasirika, kisha hulia. Haya nayajua kwa kuona tu, maana anayeambiwa ni Manar. Yeye ameolewa, mimi ni mwari, na kwetu mambo hayo hayasemwi mbele ya mwari. Manar amenizidi miaka miwili tu.

Jana Mama na Manar walirudi kutoka kwa daktari wakakaa ukumbini. Nilipoingia, Mama alinyamaza.

"Zuwena, kaangalie maziwa yasimwagike."

"Sijayaweka jikoni, Mama."

"Basi kayaweke."

Manar akacheka. "Nenda, mwanangu." Mwanangu, Khalati. Tumesoma shule moja.

Nilitoka, nikasimama nyuma ya pazia nikawasikiliza. Daktari amemweleza Mama kuwa dawa ya homoni itamtuliza joto na kumrudishia usingizi, lakini kwa baadhi ya wanawake huongeza kidogo hatari ya damu kuganda na ya saratani ya matiti. Zipo pia dawa zisizo za homoni. Akamuuliza kama yuko wa damu yake aliyewahi kupata saratani hiyo. Mama akajibu hakuna. Alhamisi anakwenda kuandikiwa dawa.

Hajui, Khalati. Ni mimi niliyekufunga vifungo vya nguo huko Maskati baada ya upasuaji wa titi, ukaniapisha nisimwambie dada yako asije akaingiwa na hofu. Jana nilitamani kutokeza nikaseme, ili kwa mara moja Manar ndiye atumwe maziwa. Nikaona nitakuwa nasema kwa ajili ya wivu, si kwa ajili ya Mama. Nikaenda kuyaweka maziwa.

Kwa hivyo sema wewe. Mpigie kabla ya Alhamisi. Pengine daktari atamruhusu vilevile, pengine atampa dawa nyingine, lakini achague akijua.

Barua nampa jirani yetu Hajra anayesafiri kesho kuja huko, kwa sababu simu yangu Manar huishika. Nisalimie Ami Abdulhadi na Fuad. Mwenyezi Mungu akuhifadhi na akukamilishie afya yako.

Ukizungumza na Mama, usitaje barua wala pazia. Adhani umeamua mwenyewe kumwambia. Atalia kwanza, kisha atafurahi kwamba umemwambia yeye. Na haya ya Manar, tafadhali, yabaki kwako, hata Ami asiyajue.

Mwanao akupendaye, hata ukinikasirikia,
Zuwena