Tarehe Ndani ya Kifuniko cha Saa ya Baba

Nyumbani kwa Mama, chumba cha uani
Jumapili, tarehe 14 Juni

Mpendwa Kaka,

Shikamoo. Hamjambo wewe, wifi yangu na watoto? Mgongo wako unaendeleaje? Sisi tu wazima. Mama anakohoa kidogo asubuhi, na dawa anazificha chini ya mto akidhani simwoni.

Nimekusalimu kwa sababu nimelelewa vizuri. Sasa nikuseme. Barua yako imenichoma moyo. Nimekutumia saa ya marehemu Baba, nimeiviringisha kwenye soksi zake mwenyewe isigongwe njiani, nawe unanijibu kuwa mtaalamu wa huko kaifungua, kakuta mashine si ya kasha lile, na uso umetoka kwenye saa nyingine. Halafu eti "aliyebaki na saa ndiye anayejua." Mimi, Kaka? Mimi niliyekupigia pasi mashati mpaka siku unaoa?

Mama sikumsomea. Nilimwambia tu umemsalimu.

Nikachukua ile picha ya saa iliyofunguliwa, uliyoituma kuwa ushahidi, nikaenda moja kwa moja kwa Babu Miwani, fundi wa Baba wa miaka yote. Nilijua mwizi ni yeye. Nikamtolea maneno mbele ya wateja, na maneno ninayo. Alibana lenzi jichoni, akainamia picha, akaniuliza kama nimeona namba zilizokwaruzwa ndani ya kifuniko.

Kumbe kila saa anayoitengeneza huiandikia tarehe kwa sindano, kwa ndani, mwenye saa asipoona. Mtaalamu wako kaona mikwaruzo tu.

Zisome mwenyewe. Ni siku mbili baada ya wewe kwenda kujitambulisha kwa kina wifi. Uliivaa saa bila kuomba, ukaanguka na baiskeli mtaroni, ukairudisha kabatini ikiwa kimya, ukaniapisha nisiseme. Sikusema. Siku ya tatu tukaiona mkononi mwa Baba inatembea, tukapumua.

Fundi kaniambia Baba aliipeleka mashine imejaa tope, Kaka, na uso umebanduka. Babu Miwani alitafuta saa mbovu ya aina ileile, akachukua vipande vyake. Baba akamsihi anyamaze. Alimwambia, "Kijana wangu anaoa. Sitaki aende ukweni ameinamisha kichwa."

Basi kaa nalo hilo. Mimi nimeshamwomba fundi radhi, mbele ya wateja walewale, uso umenishuka. Bado wewe kwangu.

Na saa usithubutu kuirudisha. Ivae.

Nisalimie wifi, mwambie safari ile ya kwao ndiyo iliyoua saa. Wabusu pacha, na kaka yao asijifanye mkubwa mno kubusiwa. Mungu awafunike nyote.

Wako akupendaye, ingawa leo kwa shida,
Mdogo wako wa kike, asiyeuza vya Baba