Uyoga Uliomponya Mume Wangu

Jumatatu, 4 Machi
Majibu ya damu ya mume wangu yametoka. Kolesteroli imeshuka! Miezi mitatu ya uyoga ninaoulima mwenyewe chumba cha nyuma — asubuhi supu, jioni mchuzi. Vidonge nilimshawishi mimi aviache. Nimetoa kopi ya majibu, nimeibandika ukutani ninapouzia. Kizuri chajiuza, lakini karatasi kidogo haidhuru.

Jumatano, 6 Machi
Wateja kumi na mmoja kabla ya saa nne! Fundi cherehani, shoga yangu, kaisoma karatasi kama barua ya posa. Naye ana kolesteroli, na moyo wa kuangaliwa. Nikajigamba: mume wangu hajameza hata kidonge. Akasema basi naye anaachana na vyake, vimemchosha kuliko marehemu mumewe. Tulicheka mpaka machozi. Sikumwambia aviache. Wala sikumwambia asiviache.

Jumapili, 14 Aprili
Sijui nianzie wapi. Nilikuwa nafua. Mfukoni mwa koti la kazini la mume wangu — vidonge. Vile vile! Vimebaki vinne. Nikamwekea mbele. Kwanza kajifanya kushangaa. Halafu akayatoa yote: hakuacha hata siku moja, anameza kazini na chai. Na supu anayoondoka nayo kwenye chupa? Anampa mlinzi wa getini. Eti nilikuwa na furaha sana, angenivunjaje moyo.
Miezi minne! Mlinzi ndiye anayenawiri kwa jasho langu. Nikacheka kidogo. Kisha nikamkumbuka fundi na vidonge vyake.

Jumatatu, 15 Aprili
Nimepitia zahanati, nikamuuliza nesi kwa kuzungukazunguka. Kasema uyoga ni chakula kizuri, watafiti wanauchunguza, na mtu akiula badala ya nyama ya mafuta unaweza kumsaidia. Lakini asiache dawa zake. Chakula kinasaidia dawa, hakishiki zamu yake.
Nikaenda moja kwa moja kwa fundi. Njia nzima nayapanga maneno. Nimemkuta anampima mteja gauni, akanitambulisha: huyu ndiye daktari wangu! Mteja akaagiza uyoga papo hapo. Nikasema nitarudi kesho. Mwoga mkubwa mimi.
Karatasi nimeibandua. Walioiulizia nimewaambia imepeperushwa na upepo.

Jumatano, 17 Aprili
Sikwenda. Mvua.
Hapana, si mvua. Naona aibu.

Ijumaa, 19 Aprili
Naandika benchini, zahanati. Binti wa fundi kanijia mbio asubuhi: mama kaangusha mkasi, kifua kinambana, mkono wa kushoto hauinuki. Tumempakia kwenye gari la jirani. Njiani kanishika kwa mkono ule mzima: shoga, jana nilikosa supu, ndiyo maana. Nikamfuta jasho. Nimeshindwa kusema, Mungu wangu, hata pale nimeshindwa!
Daktari kachungulia mlangoni: mgonjwa anatumia dawa gani? Binti kajibu haraka, tena kwa fahari — hatumii dawa, anatumia uyoga wa mama huyu, ndio uliomponya mume wake. Daktari akaniangalia mimi. Kasema nisiondoke, amalizie dripu, aje nimweleze vizuri.
Binti kaniegemea bega. Ananishukuru.
Mlango unafunguliwa —