Githeri Nimewapa Kuku

Murugi,

Ng'ombe nimeshakamua. Maziwa peleka mwenyewe, na ufungie kuku mapema, jana ulilaza wawili nje.

~~Githeri iko kwa sufuria, pasha tu.~~ Githeri nimewapa kuku. Mtu hana cheti cha afya atapikiaje watu? Si ndivyo wewe na yule afisa wa kaunti mlikubaliana leo asubuhi? Amekuja kukagua hoteli yako ndio upewe leseni, akanipata nikikanda unga wa chapati, akauliza cheti changu kiko wapi. Ungemwambia, "Huyu ni mama yangu, nitampeleka apimwe." Ungekufa? Ukasema, "Ah, huyo ni mtu wa kibarua tu, namfuta leo." Na ukacheka! Mimi nimesimama hapo na unga hadi kwa viwiko.

Haya, nimefutika. Aproni iko kwa msumari. Chapati za kufungua hoteli kesho utapika wewe, zile zako za kung'oa meno. Mungu asaidie watu wa hapa Chaka.

Afisa alisema imebaki kitu kimoja tu: barua ya mwenye ploti, ati amekubali biashara ifunguliwe hapo. Ploti baba yako aliniachia mimi, au pia hiyo umesahau? Nimeenda kwa dada yangu, kule Kagio. Simu nimezima. Na hata ukinifuata, tangu lini mtu wa kibarua akaombwa sahihi?

Ni mimi,
~~Mama yako~~
Mwenye ploti