Nyusi za Yuliana

Jumatatu, 2 Juni 2025
Dada Dorah kaniletea binti yake Yuliana kutoka Suguti, likizo nzima akae hapa Manyamanyama. Ana kipara utosini kama kisahani. Mapunye, kasema Dorah, dawa kapaka mpaka kachoka. Nikamwambia mimi nimetibuga ng'ombe wa Butiama yote, kichwa kimoja cha mtoto kitanishinda? Alipoondoka nikanyoa chote kwa wembe. Kazi safi. Vinyozi wa Kabasa wangekuja kujifunza.

Alhamisi, 5 Juni
Kichwa kimetulia. Ila nyusi ya kushoto imebaki nusu! Mapunye gani yanahamaga?

Jioni nikawapigia watu wa nyumbani stori ya yule samaki kamongo aliyenivuta na mtumbwi mpaka Ukerewe. Yuliana macho kwangu — vidole viwili viko kwenye nyusi, vinang'oa. Unywele mmoja. Anauangalia. Mwingine. Nikanyamaza kamongo hajafika hata nusu ya ziwa. Haijawahi kutokea.

Nikamuuliza taratibu. Kashtuka. Eti mkono unaendaga wenyewe, anajikuta tu. Mjomba, usimwambie mama, atanichapa.

Ijumaa, 6 Juni
Zahanati. Nesi Lucy kaangalia: ngozi safi, haina magamba. Kauliza, kabla ya wembe nywele zilizobaki pale kiparani zilikuwaje? Zimechanganyika, fupi na ndefu, nikasema. Basi sio mapunye, anajing'oa. Sio jeuri — wapo wengi, na fimbo inazidisha. Mikono ipewe kazi, mtoto asikilizwe. Nikamwambia niligundua mwenyewe. Kasema hongera, daktari, ila ushahidi umeunyoa.

Jumapili, 8 Juni
Karanga! Tangu jana Yuliana kamenya debe zima. Mke wangu Esta anasema ni bakuli. Akimenya, nyusi zinapumzika. Akisahau namrushia ganda, anacheka.

Halafu Esta kaongea na Dorah kwenye simu, siri ikamponyoka. Dorah kapaza sauti: kumbe anajing'oa makusudi? Nakuja na fimbo.

Nimemwambia Yuliana asiogope. Huyu mjomba alifukuzaga kiboko Musoma kwa ndala moja. Mama yake atapita kwangu kwanza.

Pikipiki imesimama nje. Dorah huyo, na fimbo kweli. Afadhali yule kiboko. Naandika tu kwanza —

Yuliana kanishika mkono, kautoa kidevuni. Kumbe nilikuwa nang'oa ndevu. Kaniwekea bakuli mapajani.

Menya, mjomba, kasema.