Dawa ya Kunusa

Wamagana, Julai 1964

Kwako Ngendo,

Baridi ya huku ni ile ile. Ng'ombe wetu amezaa. Mimi silali, nazunguka uani na mkongojo mpaka mbwa wamechoka kunibwekea.

Jambo hili sijawahi kukuambia. Waliponikamata msituni, risasi ikiwa imevunja paja langu, daktari wa jeshi alitaka kunilaza kwa dawa ya kunusa. Nilikataa. Sote tulijua kwamba anayevuta dawa ile huropoka, na askari alisimama pale akingoja nimtaje aliyekuwa akituletea chakula. Basi waliunga mfupa nikiwa macho, nimeuma mkanda. Jina lako halikutoka.

Sasa mfupa unatoa usaha. Alhamisi wataufungua tena. Nilipomwomba daktari asinilaze, alicheka: "Mzee, Uhuru ulikuja. Unaogopa nani sasa?"

Simwogopi askari yeyote. Lakini mke wangu Murugi ameomba ruhusa akae kando ya kitanda mpaka niamke. Anataka nikifungua macho nione uso wake kwanza.

Niombee ninyamaze, Ngendo. Mkanda ule bado ninao, na nimeshautia kwenye mfuko wa hospitali.

Wako wa siku zile,
Kihara